Mtani wangu Nkwabi, landrova ile niliiwasha mimi

Mpaka sasa naishika simu nikisubiri Nkwabi aandike, "Mtani, nilikuwa nawatania, nipo." Haandiki. Jana tumemzika kwao Kishapu.

Wengi mnamjua kama ofisa usafirishaji mstaafu, mzee wa vichekesho, admini wa grupu letu la shule. Mimi nilimjua akiwa na kaptula yenye grisi.

Yeye Msukuma, mimi Mzaramo niliyezaliwa Shinyanga mjini, binti wa fundi cherehani. Watani. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa nina ruhusa nayo, na ndugu wa marehemu wasininunie.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini shule yetu ilipewa landrova kuukuu iliyotupwa nyuma ya kiwanda cha pamba. Kuku walikuwa wanatagia kwenye injini! Mwalimu wa ufundi akasema, "Mkiifufua, ni yenu mpaka mmalize shule." Ndivyo klabu ya magari ilivyozaliwa. Wavulana wanne na mimi.

Viti tulivijaza pamba, tukavivika ngozi ya ng'ombe wa baba yake Nkwabi, manyoya yakiwa juu. Mvua ikinyesha, harufu yake jamani!

Sabuni miaka ile ilikuwa hadithi. Grisi tuliitoa kwa jivu na majani ya mpapai, na bado mama alikuwa hataki niguse unga wake.

Tukafunga kila kitu, injini ikagoma. Wavulana wakapokezana kuizungusha kwa hendeli mpaka viganja vikachubuka. Tukawekeana kiapo: atakayeiwasha ndiye atakayeiendesha siku ya mahafali, kutoka shuleni mpaka mjini, watu wote wakiona.

Nikazifungua platini, vile vyuma vidogo vinavyoleta cheche, nikazisugua kwa ubavu wa kiberiti, nikazirudisha. Nikashika hendeli. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikawaka!

Nkwabi ndiye aliyeninyanyua juu, Kisukuma kikimtoka. "Bhebhe! Mtani ameiwasha! Mtani ameiwasha!" Nikamwambia siku ya mahafali atakaa kushoto kwangu, kiti hicho ni chake.

Mwalimu akanifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira. Baba akanishonea suti ya kaki. Siku yenyewe ilipofika alifunga duka, akasimama getini na wazee wenzake wa msikitini. Alikuwa ameshawaambia, "Leo binti yangu anaendesha gari."

Nilipokwenda kuchukua ufunguo, mkuu wa shule akanipa sinia la soda za wageni. "Si kitu, Zuhura. Nkwabi ameniambia unaogopa watu, umemwomba akusaidie."

Mimi! Nimemwomba!

Landrova ikatoka getini, Nkwabi kwenye usukani, anapunga mkono. Hakunitazama.

Baba, aliyekuwa ameshaambiwa kwamba nimeogopa, aliniona na sinia. Hakunigombeza. Alinishika bega akasema, "Usijali mwanangu, kwa mwoga huenda kicheko." Nikamwambia sikuogopa. Akatabasamu tu, kama mzazi anayemsitiri mtoto wake. Alikufa akiamini hivyo. Hilo ndilo sijaweza kulimeza, Nkwabi.

Nilikuuliza mara ngapi kwa nini? "Mtani nawe, mambo ya kitoto hayo!" Basi, ukacheka, ukaniagizia soda.

Hadithi hiyo ya uoga wangu ukaisimulia kwenye harusi yako. Ukaisimulia siku ya kustaafu. Mwaka jana ukaiweka kwenye grupu ile picha ya mahafali, wewe kwenye usukani: "Niliifufua mwenyewe, mtani wangu akaogopa hata kupanda." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana mtani hanuni. Lakini niliumia, na ulijua.

Jana asubuhi, hospitali ya Kolandoto, jeneza likapakiwa kwenye pikapu. Nikasimama mbele ya gari.

"Shikamoo mama," mwanao Kulwa akaniambia. "Tunaomba utupishe."

"Marahaba. Sisogei. Mimi mtani wa baba yako."

Akaingiza mkono mfukoni, akijua watani hutaka chochote.

"Hela yako kaa nayo. Nataka ufunguo."

"Mama, si baba alisema unaogopa magari?"

Khaa! Miaka yote hii naendesha gari la mizigo ya duka langu, Shinyanga mpaka Nkome kufuata dagaa, na mtoto wako ananiuliza hivyo mbele ya jeneza lako. Nikabaki nimenyoosha mkono, nadai ufunguo.

Shangazi yako ndiye aliyemaliza. "Mpe, ng'wanawane, mpe mwanangu. Mtani hanyimwi."

Mvua ilikuwa imenyesha, na mnaijua barabara ile udongo mweusi ukilowa. Nilikwenda polepole. Njiani nikamsimulia Kulwa yote, kiberiti, kiapo, sinia. Kisha akasema, "Mama, pole. Lakini wasifu umeshachapishwa."

Na kweli. Kaburini wakasoma: "Akiwa mwanafunzi, alifufua landrova kwa mikono yake." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Sikufungua mdomo, maana mkeo alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia.

Ndiyo maana naandika hapa. Wanaklabu waliobaki wapo humu, waseme kama nadanganya.

Nkwabi, nilikupenda kama ndugu. Hakuna aliyenichekesha kama wewe, na hakuna aliyeniibia kama wewe. Ungesema neno moja tu kwa baba yangu pale getini, ningekuachia landrova na picha na sifa zote. Hukusema. Sasa naogopa nitakuwa nakudai mpaka na mimi nibebwe.

Kiti chako kilikuwa kushoto kwangu, mtani. Umekuja kupanda umechelewa, ukalazwa nyuma.

Lala basi. Kolandoto mpaka kwenu, kwenye matope yote yale, hukutikisika. Nimekufikisha.