Meli Tuliyoijenga kwa Barua za Baba

Wenzangu mliokunywa yale maziwa ya shule ya pakiti za pembetatu, sogeeni hapa. Leo naongea na nyinyi. Hawa vijana wetu waacheni na simu zao. Mtu akianza tu kusema "tulipokuwa wadogo," wao wanaanza kutafuta chaja. Nataka kuwasimulia habari za meli iliyojengwa Kaloleni, Voi, mji ambao maji ya kunywa tulikuwa tunayapangia foleni na mitungi tangu asubuhi. Bahari tulikuwa tumeiona kwenye ramani ya darasani tu, na hata hapo ilikuwa imepauka.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa meli. Msicheke. Wenzake walioteremka kutoka Wundanyi walipata kazi reli, au ualimu, au ukarani, wakatulia. Yeye aliteremka, akatuacha Voi kwenye nyumba ya vyumba viwili, akapita na Mombasa pia, hakusimama mpaka alipojikuta ndani ya meli ya mizigo ya watu wa mbali. Nilikuwa na miaka mitatu. Mkataba mmoja ukiisha anaunganisha na mwingine. Kwa hiyo mimi Baba nilimjua kwa picha moja ya ukutani, amevaa koti ambalo Mama alisema lilikuwa la kuazima. Siwadanganyi, nilipoulizwa na wenzangu shuleni baba yangu anafananaje, nilisema ana koti.

Nilipofika miaka sita, mwenzake wa kazini alipita na gari la moshi akielekea kwao, akatuachia boksi kutoka kwa Baba. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya meli nzuri ajabu. Mama akafungua, akashika kichwa. "Loo! Imevunjika yote njiani!" Ndani mlikuwa na vijiti, mbao nyembamba kama rula, mbavu mbavu za mbao na uzi. Maskini Mama alikuwa ameshaanza kufikiria atamwandikia nini Baba. Ni kaka yangu Mghanga, aliyekuwa na miaka kumi na moja na akijiona fundi tangu azaliwe, aliyeona karatasi yenye michoro akasema, "Mama, haijavunjika. Haijajengwa." Maelezo yalikuwa kwa lugha ambayo hata mwalimu wetu mkuu aliigeuza juu chini akaturudishia.

Pamoja na boksi kulikuwa na barua. Baba alisema hiyo meli inafanana na yake lakini siyo yenyewe, kwa hiyo tuijenge, halafu yeye atakuwa anatuandikia turekebishe wapi ili iwe kama anayofanyia kazi. Hapo ndipo tulipoanza.

Mnazikumbuka barua za enzi zetu? Ya Baba ilisomwa Jumapili baada ya kula kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharage, sote tumeketi, Mama amevaa miwani ya kusomea Biblia. "Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Maneno hayo yalikuwa yale yale kila barua, mpaka mimi na Mghanga tukawa tunayaitikia kama sala. Tulichokuwa tunangoja ni ukurasa wa pili, mahali Baba alipokuwa anaandika habari za meli.

Kwanza Mghanga aliijenga kama ilivyo kwenye picha, na ilimla likizo nzima ya Agosti. Mbao zilikataa kupinda, basi akazichemsha kwenye sufuria ya chai. Chai ya jioni hiyo ilinukia karakana, Mama akamfukuza nyumba nzima na mwiko. Gundi tuliombaomba kwa fundi seremala jirani, na mnaijua Voi, ukifungua kopo la gundi vumbi jekundu linaingia kabla hujachovya kijiti. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kufunga uzi, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo. Mghanga akifanya kazi alikuwa anatoa ulimi nje. Nikimcheka ananipa msasa mwingine.

Siku aliyomaliza, barua ikaja. Baba anasema, hiyo ya boksi naona ina dohani mbili, yetu ina moja tu, tena iko nyuma. Jamani! Mghanga alikuwa amezihangaikia hizo dohani wiki nzima. Alitoka nje akalia nyuma ya choo, akarudi, akachukua wembe, akakata moja.

Basi ikawa hivyo mwaka mzima na zaidi. Baba akiandika, sisi tunabomoa. Meli ina kreni nne; tukavunja mwavuli wa Mama tukapata vyuma vyake, na viboko pia tukavipata. Meli ina mashua za kuokolea watu. Tukakata pakiti za maziwa ya shule. Milingoti ya boksi ilikuwa mifupi, basi Mghanga akaenda kuokota mti wa mkonge uliokauka, ule mwepesi, akauchonga mpaka ukawa mwembamba kama penseli. Rangi ikatoka kijani ikawa nyeusi, kwa sababu huko waliko waliipaka upya. Halafu Baba akaandika kwamba wameongezewa tangi kubwa la maji matamu. Sasa sisi watoto wa Voi tangi la maji tulilijua moja, lile la stesheni, limesimama juu ya miguu yake mirefu. Mghanga akajenga tangi la miguu minne, ngazi pembeni, akalisimamisha katikati ya meli likapita hata dohani. Tuliona ni kazi safi kabisa.

Mama alikuwa na msemo wake. Akituona tunakimbia karibu na ile meza anasema, "Vunjeni tu hiyo meli, baba yenu arudi kwa miguu." Mghanga alikuwa anacheka. Mimi sikucheka hata siku moja, kwa sababu niliamini. Kichwani mwangu ile meli na ile nyingine zilikuwa kitu kimoja, na tukikosea jambo, au ikianguka, Baba harudi. Siku moja kuku aliruka mezani akavunja mlingoti wa mbele. Haki ya Mungu, nililia mpaka nikapata homa. Mama alifikiri ni malaria. Mghanga alipoelewa kinachonisumbua aliuunga ule mlingoti siku hiyo hiyo, akaniletea kitandani nihakikishe. Alinikera sana utotoni, lakini hilo nitamshukuru mpaka nizikwe.

Na Baba akarudi. Barua ilitangulia ikisema likizo ya mwezi mmoja. Mama alipaka nyumba chokaa, akanisuka nywele mpaka macho yakavutika. Stesheni akashuka mwanamume mfupi, mweusi, hana koti. Mghanga akamsalimia vizuri. Mimi nikasukumwa mbele, nikatoa mkono kama nilivyofundishwa kusalimia wageni, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Mama alinifinya mgongoni. Yule mtu akaniangalia, akajaribu kutabasamu, akasema, "Marahaba, mama." Nilikuwa mdogo lakini niliona kwamba nimemuumiza. Sikujua nirekebishe vipi. Meli ningejua.

Siku tatu nyumba yetu ilikuwa kimya. Baba aliketi kwenye kiti cha wageni, akinywa chai, akisema "asante" kwa kila kitu, hata akipewa kijiko. Nilikuwa nikipita mlangoni nakimbia. Nilimsikia Mama akimwambia jikoni, kwa Kidawida, lugha ya kwetu, wape muda, na yeye akajibu, "Muda wenyewe ni huo mwezi mmoja." Nawaambia nilijificha nyuma ya mtungi nikawa natamani yule wa picha ndiye angekuja, kwa sababu yule nilikuwa nimemzoea.

Siku ya nne, Mghanga akachoka. Hakuomba ruhusa. Aliibeba ile meli kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mapaja ya Baba. Baba akaigeuza huku na huku. "Hii ni meli gani?"

"Si ni yako, Baba," Mghanga akasema. "Tumerekebisha kila ulichotuambia."

Baba akaitazama tena, polepole, akahesabu kreni, akagusa mashua za pakiti za maziwa. Halafu akaliona lile tangi la miguu minne. Weh! Alicheka yule mtu mpaka akateremka kwenye kiti akaketi chini sakafuni, machozi yanamtoka. "Stesheni ya Voi! Mmenipandishia stesheni ya Voi kwenye meli!" Mama akatoka jikoni mbio akafikiri kuna msiba. Mghanga alinuna kidogo, kisha naye akacheka. Na mimi, kwa sababu Baba sasa alikuwa sakafuni na urefu wetu ulikuwa mmoja, nikasogea.

Nikamuuliza, "Wewe unakaa wapi hapa?"

Akasema, "Unajua, Wakesho, hii meli nzima mimi naiona siku ya kupanda na siku ya kushuka. Siku nyingine zote niko chini, kwa injini. Nyinyi mnaijua kunishinda." Akamwomba Mghanga wembe. Akaigeuza meli ubavu, na nyuma kabisa, chini, karibu na mahali maji yanapofika, akaanza kutoboa taratibu, akipuliza unga wa mbao, mpaka kikatokea kidirisha cha ukubwa wa punje ya mahindi.

"Kitanda changu kiko hapa," akasema.

Mghanga, fundi wa kufuata sheria, akauliza kama kwenye meli yenyewe kuna dirisha hapo. Baba akasema hakuna. "Lakini bila dirisha mtanionaje?"

Nikaweka jicho. Ndani kulikuwa giza tu, lakini niliangalia muda mrefu, na yeye hakuharakisha. Siku hiyo nilimwita Baba kwa mara ya kwanza. Nilichomwambia ni kwamba hapo hapana shuka, na nikaenda kukata kipande cha kanga ya Mama, ambacho nilichapwa kwa ajili yake baadaye, tukakisukuma ndani kwa kijiti, mimi na yeye.

Meli hiyo mchwa waliimaliza, Voi ni Voi. Mghanga amestaafu, anaishi Wundanyi, na anaagiza maboksi ya meli za mbao kwa intaneti. Ana taa ya kichwani na vikoleo kama daktari wa meno. Mkewe anasema wageni hawana pa kukaa. Lakini hajawahi kujenga hata moja ifanane na picha ya boksi. Lazima akate kitu, aongeze kitu. Wajukuu wakimuuliza kwa nini anaharibu, anawaambia hawajui kazi.

Mimi nalea watoto wa mwanangu aliye Qatar, anaendesha lori huko. Baba yao wanamwona kila siku, anatembea, anakula, anawapungia mkono. Sisi barua ilichukua miezi miwili, wao picha ikiganda sekunde mbili wanapiga kelele. Juzi nilimuuliza mdogo wao, "Baba yako anakaa wapi?" Akanijibu bila kufikiri, "Kwa simu, Nyanya." Nilicheka, halafu nikaenda chumbani nikaketi.

Baba alipoondoka mara ya kwanza sikulia, mtoto wa miaka mitatu angelia nini. Alipoondoka mara ya pili nililia stesheni nzima ikageuka, nikashika suruali yake mpaka wakanibandua. Wajukuu wangu simu ikikatika hawalii. Wanasema, "Ni network," wanarudi kwa katuni zao, na mimi nabaki na simu mkononi, sijui kama nishukuru.