Leo Kwaraa, mimi juu ya mti na Daudi chini

Jamani, nimeshuka mlima salama, ila sina uhakika kama bado nina mchumba.

Asubuhi mimi na huyo mchumba, Daudi, tumepanda mlima Kwaraa kutokea upande wa kwao. Ukungu mzito, mbele huoni kitu.

Mara tukasikia matawi yanavunjika.

Kraa. Kimya. Kraa.

Tukisimama, nacho kinasimama. Tukipiga hatua, kinavuta pumzi.

Na mlima wetu mnaujua, una nyati.

Daudi akaninong'oneza, "Usikimbie."

Sikukimbia. Nilipanda! Nilikanyaga mgongo wake, halafu bega, halafu nadhani kichwa, nikajikuta nimekumbatia tawi. Yeye kabaki chini, amejibana kwenye shina, anatetemeka na fimbo yake. Nami badala ya kumpa mkono namwambia, "Usitingishe mti!"

Kichaka kikafunguka.

Akatoka mama mzazi wa Daudi, anakokota mzigo wa kuni. Kumbe naye alikuwa anatusikiliza muda wote, akidhani nyati ni sisi.

Mama huyu tumeonana mara moja tu, kanisani, nimevaa kitenge, mpole kama nini.

Sasa mama mkwe unamwamkiaje ukiwa juu ya kichwa chake? Nikasema hivyo hivyo, "Shikamoo mama."

Kwanza akamfuta mwanawe tope la kiatu changu mgongoni, taratibu. Ndipo akaitikia, "Marahaba. Na huyu ulimwacha apigwe pembe?"

Jumapili kina Daudi walikuwa waje kwetu kujitambulisha.

Nyumbani wananiuliza: mchele tununue, au tusubiri kwanza?