Kiti Nilichokifua Mgeni Akiangalia

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Poni, pamoja na majina ya wote waliokuwepo, ingawa miguu yangu imeanza kunisahau. Usikasirike nikianza mbali kidogo.

Juzi nilikuwa kwako pale Mangateen, mzee Wani alipokuja kukusalimu kutoka kambini, kwenye mahema ya waliokimbia vita. Alipoinuka, kabla hata hajamaliza kuvaa viatu mlangoni, ulichukua kile kichupa chako cha manukato ukapuliza pale alipokuwa ameketi. Fss, fss. Yeye alijifanya hakuona. Mimi nilimwona akiona. Na mkono ule niliujua. Zamani ulikuwa mkono wangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa. Babu yako Lado alikuwa karani bandarini hapa Juba, na kochi letu lilikuja kwa meli ya mizigo kutoka kaskazini, siku nyingi mtoni. Lilikuwa la mahameli nyekundu. Ndani halikuwa na sponji kama haya yenu, lilijazwa pamba juu ya gunia na springi. Majirani walikuja kuligusa tu: Sabina, Rose wa mwalimu, hata Ajonye aliyekuwa hatembelei mtu. Nami nililitunza kama yai.

Mama yake Lado ndiye Poni wa kwanza, yule uliyepewa jina lake. Aliishi Rejaf, akikausha samaki kwa moshi na kuwauza. Siku hiyo alitufikia asubuhi na kikapu kichwani, ametuletea samaki wabichi, na maji ya samaki yamemchuruzikia mpaka kwenye nguo. Akajitupa kwenye kochi, akanyoosha miguu.

"Aa, mke wa Lado! Kumbe mmeninunulia kitanda cha kukalia!"

Tukacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu, macho yalikuwa kwenye mahameli.

Akaenda nyuma ya nyumba kunawa. Hapo nikaruka. Nikaleta ndoo, sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Nikamwaga maji, nikasugua, nikamwaga tena. Nilijiambia doa likikauka halitoki. Ni kweli, mwanangu, lakini hata ukweli una saa yake. Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado inadondosha maji.

"Nimechafua?" akauliza.

"Hapana, Mama. Ni ile harufu tu."

Ile harufu tu! Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mama akakunja nguo yake vizuri, akaketi chini kwenye mkeka, akanywa chai, akauliza habari za kazi ya Lado kama kawaida. Jua lilipopungua akaondoka.

Jirani yetu Letasi, mama wa Uganda aliyeuza mandazi, alikuwa ameona yote kutoka upande wake wa ua. Hakungoja nimkaribishe.

"Keji, wewe iko na akili kweli? Mama ya bwana yako iko ndani, wewe nafua kiti yake? Basi fua yeye pia, anika kwa kamba! Enda, fuata yeye, sema malesh!"

Malesh unalijua, ni neno dogo tu la kuomba radhi, hata mtoto wa hapa Juba hulisema akikukanyaga. Nikamjibu Letasi kwamba nitalisema Mama akija tena.

Maji yakimwagika hayazoleki, na yale ya kwangu yalizama kwenye pamba. Ilikuwa miezi ya mvua, jua lenyewe la kuchungulia. Juu mahameli ilikauka, ndani pamba ikaanza kuoza. Baada ya wiki moja kochi lilinuka kuliko samaki wote wa Rejaf. Nikalinyunyizia manukato. Ikawa harufu ya uozo iliyovaa kwenda harusini. Lado akitoka kazini alikuwa anakaa nje.

Mama alipokuja tena, alisimama mlangoni akanusa.

"Sasa nani ananuka," akasema, "mimi au kiti?"

Akaweka kikapu chini, akaniita tushike kochi, yeye huku, mimi kule. Tukalitoa uani, tukaligeuza miguu juu. Akafungua gunia la chini kwa kisu, akazitoa pamba zilizooza, akazitawanya nyingine zipate upepo. Akalisimamisha, akatandaza juu ya mahameli kitambaa kibichi alichokamua sana, akakichapa kwa fimbo. Vumbi likaganda kwenye kitambaa badala ya kutuingia puani. Jioni tukaliingiza ndani, akaweka chini yake beseni la mkaa mkavu.

"Harufu haiogopi maji, binti yangu," akaniambia. "Inaogopa jua na mkaa. Mimi nimeishi na samaki tangu utotoni. Ungeniuliza."

Ungeniuliza! Mtu niliyemuaibisha kwa harufu ndiye aliyekuwa mwalimu wa harufu.

Alilala kwetu siku tatu akiligeuza kochi, na siku ya tatu likapona. Nikamwambia, "Keti sasa, Mama."

"Hapa chini panatosha," akasema, akapapasa mkeka.

Nikasema asante. Lile malesh sikulisema. Nikajiambia nitalipeleka Rejaf mwenyewe, mvua zikiisha.

Mvua hazikuwa zimeisha tulipoitwa. Homa ilikuwa imemchukua Mama kwa siku mbili. Tulipofika Rejaf alikuwa amekwisha kuzikwa, nami nikakaa chini na wanawake wengine, nikilia kilio ambacho wao walidhani ni cha mkwe mwema.

Siku ya tatu wifi yangu Kiden akaniita ndani, akanipa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, kama milaya tunazotandika vitandani, lakini kidogo, upana wa kiti kimoja. Ua la mwisho lilikuwa halijamalizika. Sindano ilikuwa bado imechomekwa.

"Alikuwa akikushonea," Kiden akasema. "Alisema akikimaliza atakwenda kwa mke wa Lado, akitandike, akalie kochi bila kulichafua."

Kochi lile tuliliacha Juba tulipoikimbia vita. Kitambaa kilivuka nami mpaka Kenya, miaka yote ya Kakuma, kikarudi nami. Sindano sijawahi kuichomoa.

Basi sikia, mwanangu. Kochi lako lisafishe, usafi ni wa Mungu. Lichape kwa fimbo juu ya kitambaa kibichi kilichokamuliwa, lisimwagiwe maji. Doa likandamize kwa kitambaa safi, usilisugue. Lipe upepo, lipe jua kidogo, kwa maana jua kali hufuta rangi, na mkaa ulale chini yake. Lakini mgeni aondoke kwanza, afike njiani, apotee machoni. Na kama ni mtu ambaye dunia imekwisha kumnyima maji ya kuogea, kama mzee Wani, ngoja hata zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa ukimpulizia dawa kama mbu, utaponaje?

Watu husema majuto ni mjukuu. Nimeyalea yangu hadi yamezeeka, sitaki uyarithi. Usiseme kesho. Nenda kambini leo, mwambie mzee Wani malesh, na umrudishe kwako anywe chai. Nitakupa kile kitambaa, ila usikitandike kitini. Kiweke mahali utakapokiona kabla hujashika kichupa chako.

Mungu akulinde, Poni, wewe na kila mtoto atakayesoma haya. Akupe riziki, na akupe nyumba ambayo viti vyake vimechakaa kwa kukaliwa.