Huko Simu Inashika?

Hapa Kitengela, mtu akisikia ndugu yake anapelekwa kutembea na meli, hunijia mimi dukani. Nauza mashuka na mapazia, lakini kwa miaka mingi nilitandika vitanda kwenye meli za watalii, na watu hawasahau jambo kama hilo. Husimama katikati ya mashuka wakijifanya wanachagua rangi, halafu wanauliza. Tubebe nini? Tutatapika? Nami huwaambia. Omba chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, kwa sababu huko mawimbi hayakuyumbishi sana, na uhakikishe juu yako hakuna ukumbi wa muziki, la sivyo hutalala. Dawa zako na nguo moja ya kubadilisha zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana sanduku utalipata jioni. Kuta za chumba ni za chuma, kwa hiyo nunua zile ndoano za sumaku utundike kofia na taulo. Siku ya kwanza watu wote hukimbilia chakula cha kujipakulia kule juu na kusukumana na sahani kama waliotoka jela. Wewe shuka chini, kwenye ukumbi wa kukaa mezani. Hauna watu, na wahudumu bado wana tabasamu la kweli.

Nisichowaambia wateja ni kwamba kazi ile iliniachia ugonjwa wa kutoamini mtu. Ukitandika kitanda cha mtu kila asubuhi unajua ni lini anadanganya. Niliwaona mke na mume walioshikana mikono mezani huku mmoja akilala kitandani na mwingine kwenye kochi. Kuna bwana alipiga kelele kwamba sisi wa vyumba tumemwibia pete, na pete yenyewe nikaikuta ndani ya soksi yake. Tangu hapo, mtu akinichekea bila sababu, mimi naangalia mikono yake.

Kwa hiyo siku kaka yangu alipoingia dukani na soda baridi, akaifungua, akanipa mimi, nilijua kuna jambo.

Kaka yangu ni dalali wa mashamba. Hiyo ndiyo kazi ya nusu ya wanaume wa Kitengela wenye viatu vilivyochongoka. Ananipenda, sikatai, lakini hajawahi kuninunulia hata maji.

"Wazee wanataka kuona bahari," akasema. "Mimi nitalipa, wewe utawapeleka. Si wewe ndio unajua hiyo maneno ya meli?"

"Wazee gani?"

"Papa na Yeyo. Kwani uko na wengine?"

Nikainywa ile soda polepole nikimtazama. Baba yetu ni mzee wa ng'ombe kule Mashuuru. Nairobi yenyewe huenda akiwa amelazimishwa na daktari, na akifika huuliza tunarudi saa ngapi. Huyo ndiye aliyeamka siku moja akatamani bahari? Na wa kulipa awe dalali?

Ni lazima niseme kilichokuwa kinaniuma, maana bila hicho nitaonekana mtu mbaya tu. Niliolewa, ikashindikana, nikarudi. Kwetu binti aliyerudi ni kama mgeni mahali alipozaliwa. Baba yangu mdogo, yule anayemfuata baba kwa kuzaliwa, alinieleza mapema na kwa sauti ya upole kabisa: shamba ni la wavulana. Nyumba yangu ya Kitengela ni ya kupanga, na mwenye nyumba akibadilisha mawazo natoka na mashuka yangu. Mahali pekee duniani nilipoweza kufikiria nyumba yangu, na hata kaburi langu, ni kwa baba. Shamba lile likiuzwa, mimi sina kwetu. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa ugonjwa wowote.

Na lilikuwa shamba zuri kwa mtu wa kuuza. Linapakana na barabara. Kila nikienda nilikuta magari madogo yamesimama kando, watu wa mjini wakinyoosha vidole.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mashuuru kuwaeleza wazazi habari za safari, lakini kwa kweli nilikwenda kuchungulia. Mama aliniambia, kabla sijamuuliza, kwamba wiki ile wao na kaka walikuwa wameenda Kajiado mjini kununua dawa ya kupe. Nikasema sawa. Nikatoka nje nikazunguka zizi. Pampu ya kupulizia dawa ilikuwa imeningʼinia pale pale, kavu, buibui amejenga mdomoni. Na koti la baba, lile la harusi na mazishi, lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Nani huvaa koti la mazishi kwenda kununua dawa ya kupe? Kwenye pikapu ya kaka, chini ya turubai, niliona rundo la vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu upande mmoja.

"Ni ya mteja," kaka akasema, na akavuta turubai.

Baba alinisikiliza nikieleza mambo ya meli. Nilimwambia kuhusu bahari isiyo na ukingo, chakula, vitanda. Hakuonekana kusikia. Kisha akauliza swali moja tu.

"Huko simu inashika?"

"Katikati ya bahari haishiki, Papa. Labda ulipe watu wa meli wakupe mtandao wao."

"Sisi hatutalipa," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nakerai, mtoto wangu, hiyo safari ni nzuri."

Njia nzima ya kurudi Kitengela nililigeuza swali lile kichwani. Nilikuwa na hakika kaka ndiye aliyemfundisha baba kuuliza. Wazee wapelekwe mahali wasipopatikana, mimi mwenye mdomo nitiwe humo humo niwashike mkono, na tukirudi tukute ukuta wa mawe na askari wa lango. Ningekataa kwenda. Lakini nikikataa atawapeleka mtu mwingine, na nani atamlinda baba? Nikaamua kwenda, macho wazi.

Tulisafiri kwa ndege mpaka Durban siku moja kabla ya meli, kama ninavyowashauri wote, kwa sababu meli haimsubiri mtu. Yote niliyokuwa nikiwaambia wateja niliyafanya. Chumba cha katikati. Tangawizi ya kutafuna kwa ajili ya kichefuchefu. Kofia ya baba ikatundikwa kwenye ndoano ya sumaku, naye akaitoa na kuirudisha mara kadhaa, akitafuta gundi. Mama alimsalimia kijana wa vyumba kwa mkono na kumuuliza kama amekula. Ushauri huo siutoi, lakini tangu saa hiyo hatukukosa taulo.

Wageni wengine walikuwa wakifurahi. Mimi nilikuwa kazini. Niliwatazama wazazi wangu kama nilivyokuwa nikiwatazama wageni wa vyumba, na nilichokiona kilinitisha. Baba, ambaye maisha yake yote jua halijawahi kumkuta kitandani, alilala mpaka watu wakamaliza kunywa chai. Alikaa kwenye kiti cha kujinyoosha, miguu juu, akala aiskrimu. Na tangu tuondoke nyumbani hakuuliza hata mara moja kuhusu ng'ombe. Hakuuliza kama wamekunywa maji, wala yule mwenye mimba amezaa nini. Mfugaji asiyeuliza ng'ombe wake ama ni mgonjwa ama kichwa chake kiko mahali pengine, na baba hakuwa mgonjwa.

Nilikwenda kwenye meza ya kununulia mtandao. Kabla sijafungua mkoba nilisikia fimbo yake nyuma yangu.

"Unafanya nini hapa?"

"Nataka kujua ng'ombe wanaendelea aje."

"Ng'ombe iko sawa. Lete hiyo simu nione picha."

Nikampa. Akaitia mfukoni, akaenda zake. Nilipoiomba jioni akasema bado anaangalia picha. Baba hajui hata kuifungua.

Hapo hasira zilinipanda kweli. Nilimfuata mama chumbani, nikamuuliza kama wanajua kaka anafanya nini nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani akichunguza pembe ya shuka, jinsi ilivyokunjwa.

"Hivi ndio ulikuwa unakunja?" akauliza.

"Yeyo, nimekuuliza kitu."

"Umekunja vitanda mingi sana," akasema, na akalala juu yake.

Siku iliyofuata meli ilitia nanga karibu na kisiwa kidogo cha mchanga upande wa Msumbiji, tukapelekwa ufukweni kwa boti. Kushuka ni lazima, huwaambia watu, hata kama umechoka, lakini usiende mbali na uangalie saa ya meli, siyo ya nchi uliyofika. Mama aliingia majini mpaka magotini, ameshikilia leso zake, anacheka peke yake. Akataka picha. Baba akapapasa mfukoni, akanirudishia simu bila kufikiri.

Nilipiga picha moja. Kisha simu ikaanza kutetemeka mkononi, ujumbe juu ya ujumbe. Kisiwani mtandao ulikuwa unashika.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa jirani yetu wa Mashuuru, mama anayekamua pamoja na mama yangu. Aliandika kwamba watu wa kupima wako kwa shamba letu, kaka yangu ako nao, na baba yangu mdogo amekuja anauliza mzee ako wapi. Kulikuwa na picha. Vigingi vyekundu vilipita katikati ya malisho, moja kwa moja, mpaka kwenye ile miti ya migunga nyuma ya zizi.

Nilimwendea baba alipokaa mchangani, viatu vyake vya akala vimewekwa kando, nikamwonyesha. Nilikuwa nalia na sikujali wageni.

"Papa, angalia. Angalia kijana yako anafanya nini. Wanagawa shamba."

Akaishika simu mbali na macho, akaitazama ile picha kwa muda.

"Wamefika kwa migunga?" akauliza.

Sikuelewa.

"Hapo kwa migunga ndio mwisho wa yako," akasema. "Kutoka hapo mpaka kwa lile tangi la maji."

Nilikaa chini. Akanieleza bila kunitazama, akiuchora mchanga kwa fimbo. Kule Kajiado walikwenda bodi ya ardhi, yeye, mama na kaka, wakakubaliwa kugawa. Sehemu yake, sehemu ya kaka, sehemu yangu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ndugu yangu akijua, atakuja na wenzake. Watakaa. Watakunywa chai, watalala, watakunywa chai tena. Mimi siwezi kufukuza ndugu yangu kwa boma, na siwezi kumwambia hapana macho kwa macho. Anajua hivyo. Atakaa mpaka nikubali." Akafuta mchoro wake kwa mguu. "Sasa nimeondoka mimi. Wakae na nani? Nikiacha mama yako, watamsumbua. Nikiacha wewe, utapigana na wao. Wewe uko na mdomo."

"Na kaka?"

"Yeye atasema mzee ndio alisema, na mzee hapatikani."

Mama alitoka majini akauliza kama picha imetoka vizuri. Niliangalia. Nilikuwa nimempiga bila kichwa.

Safari iliyobaki nilikula. Nilikula chini mezani na nikala juu pia, nikisukumana. Jioni ya mwisho, wengine walipotoa masanduku yao nje ya milango yachukuliwe, sisi tulikaa na yetu, na asubuhi tukashuka mapema, na huo ni ushauri mwingine mzuri. Lakini mtu haponi mara moja. Kaka alipotupokea uwanja wa ndege nilimkumbatia, nikamshukuru, na nilipofika Mashuuru kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuata vigingi kwa miguu. Yangu ilikuwa pale aliposema baba, migunga mpaka tangi. Ya kaka ilikuwa yote ya upande wa barabara. Dalali hafanyi kazi ya bure.

Baba yangu mdogo alikuwa anatungoja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa boma, kikombe cha chai mkononi, na nadhani alikuwa amekaa hapo siku zote tulizokuwa hatupo. Nilimwendea nikainamisha kichwa mbele yake, aniguse kwa salamu kama anavyonigusa tangu nikiwa mtoto. Nilingoja. Hakunigusa. Niliinua kichwa changu mwenyewe, na sitasema haikuniuma.

"Tulikutafuta," akamwambia baba.

"Nilikuwa kwa bahari."

"Tulipiga simu. Ya mama pia. Kila siku."

"Huko haishiki." Baba aliketi taratibu kwenye jiwe, akaelekeza fimbo yake kwangu. "Uliza huyu. Yeye amefanya kazi huko."

Baba mdogo akanigeukia. Ana macho ya mtu asiyeamini mtu, kama mimi. Nadhani tumeyarithi kwenye ukoo mmoja.

"Ni ukweli?" akaniuliza. "Meli kubwa hivyo, na simu haishiki?"

Nilikumbuka ile meza ya mtandao, taa zake, dada mwenye skafu akiniuliza nataka wa siku moja au wa safari nzima. Nyuma ya bega la baba mdogo niliona kigingi changu cha kwanza, na ng'ombe anajikuna shingo juu yake.

"Haishiki, baba mdogo," nikasema. "Haishiki kabisa."