Ndugu wa Kamba Moja

Mama yangu alinituma Kambove kwa sababu ya kilio ambacho hakijawahi kufanywa. Enzi za Wabelgiji baba yake, Kalenga, alikamatwa kijijini, akafungwa kamba pamoja na wanaume wengine, wakapelekwa Kambove kuchimba shaba kwa nguvu. Mama alikuwa bado anabebwa mgongoni. Babu hakurudi. Na katika ukoo wetu, mtu ambaye kifo chake hakikushuhudiwa haliliwi. Kumlilia ni kumzika angali hai. Sasa mama ni kikongwe, na anaogopa kufa kabla hajamlilia baba yake.

Asubuhi niliondoka Ruashi, mtaani kwetu, kwa basi hadi Likasi, kisha nikapanda pikipiki. Vilima vyekundu vilikuwa vimekatwa nusu. Nilivikodolea macho nikijiuliza babu alichimba kipi, hadi dereva akanicheka: "Papa, unaangalia sana ile milima. Unataka kuiuza?"

Kambove niliulizia kanisani, na katekista akanipeleka kwa Mama Ngoie, ambaye baba yake alitoka upande wa kijiji chetu. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu wa mahindi.

"Kaa, ukule kwanza. Utaniuliza nyuma."

Lakini nilipotaja jina la babu, aliacha kusonga.

"Kalenga? Ule wa kamba moja na papa yangu?"

Nilimwandama kwa maswali. Kumbe waliofungwa kamba moja waliapiana undugu: mmoja akifa, waliobaki ndio ukoo wake. Babu aliangukiwa na mwamba shimoni. Baba yake Ngoie alinyoa kichwa, akakaa chini, akamlilia kama ndugu wa tumbo moja.

"Na kaburi?"

"Haiko tena. Bamashini balichimba pale, bakabeba kilima yote."

Nilikasirika, nikaona safari imeharibika. Mama Ngoie akageukia uani akaita: "Kalenga! Kuya kidogo!"

Akaingia mzee mwenye mvi, mikono imejaa grisi ya baiskeli.

"Ni mudogo wangu. Papa alimupatia jina ya ndugu yake."

Nililia pale pale, mbele ya bukari yao, wala sikuona haya.

Kesho yake jioni nilifika Ruashi nikitafuta namna ya kumweleza mama habari ya kaburi. Nilipomwambia babu alifia shimoni, hakuliulizia.

"Nani alimulilia?"

Nikamsimulia yote. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mifupa. Nilichojifunza ni kwamba babu hakufa bila ukoo. Mama akavua kitambaa, akaniinamishia kichwa nimnyoe. Nilipochukua wembe, akanishika mkono.

"Ngoja. Hatuanze kilio bila kaka yangu wa Kambove. Rudia kule, umulete."