Gauni la Kupokelea Wageni

Mafuta ya kukinga jua yana harufu yake, tamu kama nazi iliyoanza kuchacha. Jumapili iliyopita vijana wa kanisa letu hapa ughaibuni, Lidcombe, walikuwa wanagawana chupa zake. Wanasafiri kwenda kuwaona watoto maskini wa kituo fulani Afrika. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Niwaambie kwa nini. Shule niliishia darasa la pili, na nyumba yangu ya Doonside imetokana na kusafisha maghala kule Wetherill Park, kwa hiyo sizungushi maneno. Nililelewa na kituo kama hicho, tukiwa wakimbizi karibu na Kigoma. Tulipewa uji na madaftari, jioni tukirudi kwa mama zetu, na kila mwaka wageni wa kanisa kutoka ng'ambo walikuja kututazama, wakinukia mafuta hayo hayo.

Mwaka ule mama alisema mwanawe hatapokea wageni kama kitoto kilichookotwa. Kwetu mgeni akija, hata kiti cha jirani kinaazimwa. Akaazima gauni la njano kwa jirani yetu mama Neema, akalipiga pasi ya mkaa, akanisuka mpaka macho yakavutika. Nilitembea mikono nimeinyanyua, nisilikunje.

Mama mlezi wa kituo alinidaka langoni. "We binti, unaolewa leo?"

Wenzangu wakacheka.

"Mama kasema nipendeze."

"Mama yako ndiye atawapikia uji hawa wote? Wageni wakikuona hivyo watasema tumeshiba. Kavue!"

Akanipa gauni lililochanika kwapani, akanifumua nywele. Hakuwa katili, lile la njano alilikunja taratibu akanitunzia. Mgeni mmoja mwenye machozi akanipakata, tukapigwa picha. Hapo nikamwona mama nje ya uzio, kaja kuniangalia nilivyopendeza. Tukatazamana. Akageuka, akaenda zake.

Jioni alirudisha gauni. Nilimsikia akimwambia mama Neema, "Wageni wamelisifu, dada, we acha tu." Mimi hakunisemesha.

Miaka mingi niliamini nilimtia aibu. Mpaka nilipozaa wangu ndipo nikaelewa: angefoka pale uzioni, uji wangu ungekatika. Aligeuka ili nisiuone uso wa mama aliyeshindwa kumtetea mwanawe. Lakini niliuona. Nilidhani ni hasira juu yangu, na alikufa kabla sijajua nimwambie nini.