Pole ya Helikopta

Ukitaka kumjua Dafrosa, nenda kwake ukae sebuleni, unywe chai yake ya tangawizi, usubiri helikopta ipite. Haichelewi. Anaishi Stockholm, Uswidi, ghorofa ya juu kabisa, na ng'ambo ya barabara ndiyo hospitali kubwa, yenye uwanja wa helikopta juu ya paa lake. Ikija, vikombe kabatini ndivyo vinavyotangulia kujua. Vinaanza kugongana vyenyewe, kisha vioo vya dirisha, kisha kifua chako. Hapo sasa mwangalie Dafrosa. Awe anachoma vitumbua, awe anamsuka mtu nywele, awe katikati ya umbea uliofika patamu, ataacha. Atasimama wima, ataweka mkono kifuani, atatazama dari na kusema kwa sauti, "Pole, mgonjwa. Mungu akufikishe." Halafu anarudi kwenye umbea palepale alipoishia.

Kwao Muleba, alikokulia, mgonjwa alibebwa kwenye machela mabegani mwa wanaume mpaka zahanati, na kila aliyekutana nao njiani alitua mzigo, akasimama kando, akasema pole. Hukuuliza ni nani. Hata kama ni yule mliyetukanana jana kisimani, ulisimama. Dafrosa alipohamia ghorofani pale, akiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, helikopta ya kwanza ilimkuta anapanga sahani, na mwili ukasimama wenyewe. Mgonjwa ni mgonjwa tu, awe mabegani mwa watu au awe hewani. Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile, na wageni waliokuja wakimcheka waliishia kusimama naye.

Lakini jamani, pole ni pole na usingizi ni usingizi! Dafrosa aliichukia ile helikopta, na hakumficha mtu. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwapa dawa, kuwavisha soksi, kuwapikia uji, kusikiliza habari za paka wao. Zamu inaanza alfajiri, na mtu aliyeamshwa usiku kucha kusema pole hawezi kufika kazini na macho mawili. Jioni akirudi, usingizi unamkamata kwenye treni, anapitiliza kituo. Siku moja alipitiliza kuliko siku zote. Alishtuka treni imefika mwisho wa njia, Hagsätra, akashuka huku anasonya.

Akakaa kwenye benchi kungoja treni ya kurudi. Akahisi kuna kitu kimepungua, asijue ni kitu gani. Akageuza shingo huku na huku. Kelele! Kelele ndiyo haikuwepo. Kulikuwa na bibi mmoja anasukuma kigari chake cha kutembelea, na ndege mmoja mtini, basi. Treni ikaja, ikaondoka bila Dafrosa. Ya pili nayo ikamwacha palepale.

"Hapa ndipo ninapohamia," alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, na yule bibi akamgeukia.

Sasa, Stockholm nyumba ya kupanga haipatikani kwa kuitamani. Foleni yake unaweza kuzeekea humo. Njia ya mkato ni kubadilishana: wewe unaipenda ya mwenzako, mwenzako anaipenda yako, wenye nyumba wakiridhia kila mtu anabeba magodoro yake. Dafrosa akaweka tangazo mtandaoni. Akaandika kwamba jua linaingia vizuri, lifti haisumbui, hospitali iko karibu. Habari ya helikopta hakuiandika. Kijana wa kwanza aliyekuja kuangalia alikimbia hata kamba za viatu hajafunga. Mama wa pili aliuliza kama lile lilikuwa tetemeko la ardhi. Dafrosa alikuwa ameshaanza kukata tamaa alipopigiwa simu na mzee mmoja wa Hagsätra, jina lake Börje. Mkewe alikuwa amepelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hatua chache tu kutoka kwa Dafrosa, na mzee alikuwa amechoka kukata jiji zima kila siku kwenda kumwona. Angekuja kuangalia nyumba Jumamosi alasiri.

"Huyu nikimkosa, nimekwisha," Dafrosa alimwambia rafiki yake Wangari. Wangari ni Mkenya, dereva wa basi, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

"Na helikopta ikija?"

"Naomba Mungu isije."

"Aki Dafro! Sasa unaomba Mungu afungie wagonjwa njia?"

Dafrosa akaona haya. Hakuwa amelifikiria hivyo. "Basi naomba ije polepole."

Wangari akacheka mpaka akashika meza. "Wacha nikuambie. Jumamosi kwaya ifanyie mazoezi kwako. Sisi tukiimba, hata ndege ya abiria itapita juu na hakuna mtu atajua."

Kwaya yao ni ya watu wa Kiswahili wa kila upande, na mwalimu wao ni Révérien, Mrundi, fundi umeme mwenye besi nzito. Kwaya hiyo haijawahi kuambiwa iongeze sauti. Kila wiki Révérien anawasihi wapunguze, na kila wiki wanamwona anawaonea. Alipoambiwa kwamba Jumamosi waimbe kwa nguvu zao zote, alimtazama Dafrosa kama asiyeamini masikio yake.

"Dada, uko na hakika? Nikiwafungulia hawa, kuwarudisha siwezi."

"Wafungulie, ndugu yangu."

Hakuwa na raha moyoni, nisimsingizie. Usiku wa Ijumaa alikanda unga wa maandazi huku anajisuta. Kumdanganya mzee wa watu, tena mwenye mke mgonjwa! Kisha helikopta ikapita, akasimama na mikono ya unga, akasema pole yake, na kichwa kikamuuma kwa usingizi. Akaendelea kukanda.

Mzee Börje alifika kwa wakati, mrefu, mwembamba, sweta la buluu, akavua viatu mlangoni na kuvipanga sawasawa. Huku hata mzee wa umri ule unatakiwa umwite kwa jina lake tupu, na Dafrosa jambo hilo humkwama kooni mpaka leo, kwa hiyo alimwita "mzee wangu" kwa Kiswahili, naye mzee akaitika tu.

"Kuna sherehe?" aliuliza, akiona sebule imejaa watu.

"Mazoezi ya kwaya," Dafrosa alisema, akampa kikombe cha kahawa ya Bukoba na andazi la moto.

Révérien akanyanyua mkono, na sebule ikalipuka. Mzee akapepesa macho. Akatabasamu kwa adabu, akajikuna sikio moja, akajikuna la pili, kisha akaendelea kunywa kahawa yake ametulia tuli. Dafrosa alishangaa utulivu ule, lakini nani analalamikia bahati? Akamtembeza jikoni, akamtembeza chumbani, akamfungulia mlango wa roshani. Kila kitu mzee alikipenda. Roshani ndiyo iliyommaliza. Alisimama pale muda mrefu, akanyoosha kidole kwenye jengo la matofali mekundu upande wa pili.

"Dirisha lile lenye maua," alisema. "Ndiko aliko."

Dafrosa alihisi nyumba ya Hagsätra imeshaingia mfukoni mwake. Na ndipo vikombe vikaanza kugongana.

Akamkodolea Révérien macho: pandisha! Révérien akapandisha. Wangari akafumba macho, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka pale sijui alikuwa ameiweka wapi siku zote. Jirani wa chini akagonga dari yake. Ngurumo ya helikopta ilikuja juu ya paa ikakutana na kwaya, na kwaya ikaimeza, haki ya Mungu ikaimeza nzima! Mpango ulikuwa umekubali.

Ila mkono wa Dafrosa haukuwa umeambiwa habari za mpango. Ulipanda wenyewe mpaka kifuani. Akasimama wima, akatazama dari. Na watu wale, ambao kwa miaka walikuwa wamekunywa chai ndani ya sebule ile, wakamwona amesimama. Wakakata wimbo katikati ya neno. Wote. Mikono ikaenda vifuani, macho yakaenda darini, na kwa pamoja wakasema, "Pole, mgonjwa! Mungu akufikishe!"

Nyumba ikawa kimya, na kimya kile chote helikopta ikakichukua. Ilinguruma juu ya vichwa vyao, vioo vikalia, andazi moja likateleza kutoka kwenye sahani likaanguka chini.

"Ngai!" Wangari akajishika kichwa. Révérien mkono wake ulikuwa bado hewani, hajui aushushe au auache. Dafrosa alitamani sakafu ipasuke aingie.

Mzee Börje alikuwa amesimama mlangoni mwa roshani na kikombe chake, akiwatazama mmoja mmoja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa vidude viwili vidogo, akavirudisha masikioni.

"Mnisamehe," alisema. "Nilivitoa mlipoanza kuimba. Mnaimba vizuri sana, lakini mna nguvu. Bila hivi sisikii kitu chochote. Nimeona tu vikombe vinacheza kabatini, halafu nyote mmesimama kama mko msibani. Kuna nini?"

Wangari akamfinya Dafrosa ubavuni, yaani: funga mdomo, tumepona! Na kweli walikuwa wamepona. Angeweza kumwambia kwamba treni imepita chini, mzee angeamini, na Hagsätra ingekuwa yake. Lakini mkono wake ulikuwa bado uko kifuani, akauhisi moyo unavyodunda, akashindwa. Akamweleza yote. Helikopta ya mchana na ya usiku, lile tangazo, kwaya iliyoletwa kufunika kelele.

"Na hicho mlichokisema?"

"Tumemwambia pole mgonjwa aliyemo. Kwetu mgonjwa akipitishwa, unasimama, unamwambia pole. Humjui, naye hakusikii. Lakini huwezi kumwacha apite hivihivi."

Mzee alikaa kwenye kiti.

"Mke wangu aliletwa na helikopta," alisema. "Tulikuwa kisiwani, kwenye nyumba yetu ya kiangazi. Mimi hawakunichukua, nafasi haikuwepo. Siku zote nimekuwa nikifikiri kwamba alipita huko juu peke yake." Akamtazama Dafrosa. "Na siku hiyo ulisema?"

"Kama nilikuwa nyumbani, mzee wangu, nilisema."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaomba kahawa nyingine. Akasema helikopta haimhusu, maana usiku masikio yake yanalala kwenye glasi kando ya kitanda. Nyumba anaitaka. Kwaya ikapiga vigelegele, Révérien akafuta macho akisingizia jasho.

Unafikiri Dafrosa alifurahi? Alifurahi siku hiyo. Wiki zilivyosogea, wenye nyumba wakiridhia na maboksi yakijaa, akaanza kuwa mzito. Siku ya kukabidhi funguo alizishika mkononi, hazitoki.

"Mpe mzee wa watu funguo zake," Wangari alimwambia mlangoni. "Si ni wewe ulikuwa unalilia usingizi?"

"Nani atakuwa anawaambia pole?"

Dafrosa akamgeukia mzee Börje, akamfundisha neno lenyewe hapohapo kwenye korido. Mzee alilirudia mara kadhaa, kwa kishindo, kama anayeita mbwa. "Lakini mimi sitaisikia ikija," alisema kwa masikitiko. Basi Dafrosa akarudi ndani, akafungua boksi la vyombo ambalo alikuwa ameshalifunga kwa gundi, akavitoa vile vikombe vyake vyote, akavirudisha kabatini, kimoja karibu na kingine.

Hagsätra alilala kama gogo. Alilala Jumamosi, akalala Jumapili, akawahi kazini na macho mawili, wazee wake wakamwambia amekuwa kijana. Siku moja alasiri alikuwa jikoni anamenya ndizi, dirisha liko wazi, hakuna kinachosikika hata kidogo, simu ikatoa mlio. Ni mzee Börje, ameandika.

"Vikombe vimecheza. Nimesimama, nimesema. Mke wangu nimemleta leo kwa kigari chake kunywa kahawa, naye amesema. Je, mkono ni lazima uwe kifuani?"

Dafrosa alicheka, na huku anacheka machozi yakawa yanadondokea ndizi. Akaweka kisu chini, akasimama wima, akatazama dari ya Hagsätra na kusema yake. Kisha akafuta vidole kwenye kanga, akamjibu mzee: "Lazima."